Jina Jipya la Msaliti

Mtoto akiketi kutazama sinema ya vita, swali lake la kwanza huwa ni moja: yupi mwema na yupi mwovu? Akishajibiwa hutulia, akawafuata wema kwa macho na kuwazomea waovu kila watokeapo. Swali la pili huja baadaye, aghalabu wakati mzazi amekwisha choka na taa inataka kuzimwa: na yule mwovu, kwa nini amekuwa mwovu? Hilo si swali jepesi. Mzazi anayelijibu kwa kusema kwamba ndivyo alivyo basi, hupoteza nafasi njema ya kumfunza mwanawe jambo litakalomfaa ukubwani.

Ndugu msomaji, juma hili tulitazame swali hilo kwa msaada wa hadithi moja iliyozunguka dunia nzima, yaani Star Wars, hadithi ya vita vya nyotani iliyotungwa na Mmarekani George Lucas. Sinema yake ya kwanza ilitoka mwezi wa Mei, 1977. Ya pili ikafuata mwaka 1980, na ya tatu mwaka 1983. Baada ya kimya cha miaka 16, Lucas alirudi nyuma akausimulia mwanzo wa kisa katika sinema tatu za miaka ya 1999, 2002 na 2005. Mwaka 2012 aliiuza kampuni yake kwa kampuni ya Disney, nayo ikakiendeleza kisa hicho kwa sinema tatu nyingine kati ya 2015 na 2019, mbali na michezo ya televisheni. Kwa hiyo wapo watu waliozitazama zile za kwanza wakiwa vijana, na leo wanazitazama pamoja na wajukuu wao.

Kwa mwenye kuijua juu juu, hii ni hadithi ya vyombo vya angani, panga za nuru na viumbe vya ajabu. Lakini aliyeitazama yote kwa utulivu atakuwa ametambua kwamba moyo wa kisa uko kwenye utii: nani anamtumikia nani, kwa sababu gani, na ni kitu gani kinachomfanya abadili upande. Waovu wengi wakubwa wa hadithi hii walikuwa watu wa upande mwingine hapo kwanza, na baadhi yao walirejea. Ajabu ni kwamba hao walioondoka kwao, hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu aliupenda uovu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu nyingine ukizisikia utatikisa kichwa kwa kukubali.

HOFU YA KUFIWA

Tuanze na Darth Vader, lile jitu lenye mavazi meusi na pumzi nzito. Katika sinema ya 1977 hatuambiwi mengi juu ya nia yake, ila tu kwamba aliwasaliti wenzake, wale walinzi wa amani waitwao Jedi. Rasimu ya kwanza ya sinema ya pili, iliyoandikwa mwaka 1978 na mwandishi Leigh Brackett muda mfupi kabla hajafariki, ilimwonyesha baba yake kijana Luke Skywalker kuwa mtu mwingine kabisa, mzimu mwema ajaye kumpa mwanawe moyo. Lucas alipoiandika upya ndipo alipoamua kwamba Vader ndiye baba mwenyewe. Siri hiyo ililindwa sana. Siku ya kupiga picha, David Prowse, aliyekuwa ndani ya lile vazi jeusi, alipewa maneno mengine ayaseme, na maneno ya kweli yakaingizwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones.

Badiliko hilo la kalamu ndilo lililoipa hadithi uzito wake. Mwovu akiwa mgeni, kazi ni kumpiga tu. Akiwa baba, maswali mengine hujitokeza: huyu alitokaje nyumbani, na je, aweza kurudi?

Swali la kwanza lilijibiwa kwa ukamilifu mwaka 2005. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Anakin Skywalker, mtoto wa mwanamke mtumwa katika sayari ya jangwa. Jedi walimchukua akiwa na umri wa miaka 9, akamwacha mama yake utumwani. Aliporudi kumtafuta miaka 10 baadaye, mama alikuwa amekwisha kombolewa na kuolewa, lakini alikuwa ametekwa na watu wa jangwani, akamfia mikononi. Ghadhabu ikampanda Anakin, akakiua kijiji kizima, wanaume, wanawake na watoto. Juu ya kaburi la mama yake aliapa kwamba hatashindwa tena. Basi alipoanza kuota usiku kwamba Padmé, mkewe aliyemwoa kwa siri, atafariki wakati wa kujifungua, alikuwa mtu aliyekwisha shindwa kabla ya vita kuanza.

Hapo ndipo alipoingia mzee Palpatine, mkuu wa Jamhuri, ambaye alikuwa amemfuata kwa maneno matamu tangu utoto wake. Tazama, ndugu msomaji, namna alivyomnasa. Hakutanguliza mali wala kiti cha enzi. Alimsimulia kisa cha mtu aliyejua siri ya kuwazuia wapenzi wake wasife, kisha akanyamaza, akaiacha hofu ifanye kazi yake. Upande wa pili, wazee wa Jedi walimweka Anakin katika baraza lao lakini wakamnyima cheo kinachokwenda na kiti hicho, kisha wakamtuma ampeleleze yule yule mzee aliyemwona kama baba. Alipomwendea mkuu wao Yoda kwa habari za ndoto zake, bila kumtaja mkewe, aliambiwa ajizoeze kuviachia vile vyote anavyoogopa kuvipoteza. Neno hilo lilikuwa na hekima ndani yake, lakini lilimfikia kama mahubiri ya saumu yamfikiavyo mtu mwenye njaa.

Mwisho wake unajulikana. Anakin alimzuia Jedi mwenzake asimwue Palpatine, akapiga magoti, akapewa jina jipya, na usiku ule ule akaenda kuwaua watoto wadogo waliokuwa wakifunzwa katika hekalu la Jedi. Muda mfupi baadaye alimkaba mkewe kwa ile Nguvu yake ya ajabu bila hata kumgusa, naye Padmé akafariki akijifungua mapacha. Alikuwa ameuza kila kitu ili kuizuia siku hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeileta. Wahenga walikwisha sema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mtoto akiuliza kama upendo ndio uliomharibu Anakin, mzazi na amwambie hivi: alitaka kumhifadhi mkewe kama mtu ahifadhivyo fedha sandukuni, na hakumwuliza mwenyewe hata siku moja kama alitaka kuhifadhiwa kwa bei ile. Padmé alipoijua bei hiyo, aliikataa machoni pake.

MKWELI ALIYEPOTEA

Mwovu wa pili ni Dooku, mwinyi mzee aliyeigizwa na Mwingereza Christopher Lee katika sinema ya 2002. Huyu hakuwa na ndoto za usiku. Alikuwa Jedi mwenye heshima kubwa, mwanafunzi wa Yoda mwenyewe, akatoka katika chama chao kwa sababu aliiona Jamhuri imeoza. Na kweli ilikuwa imeoza. Seneti yake ilikuwa imejaa rushwa na maneno mengi, na makampuni ya biashara yalikuwa na majeshi yao. Moja ya makampuni hayo, katika sinema ya 1999, liliizingira sayari nzima kwa sababu ya ugomvi wa kodi za njia za biashara.

Kuna tukio moja katika sinema ya 2002 ambalo lafaa kutazamwa mara mbili. Dooku amemfunga Obi-Wan Kenobi, anazunguka mbele yake, na anamwambia waziwazi kwamba Seneti iko mikononi mwa bwana mmoja mwovu aliyejificha. Obi-Wan anakataa kusadiki. Lakini kila neno alilolisema Dooku lilikuwa kweli! Alichokiacha ni kimoja tu, nacho ni kwamba bwana huyo ndiye bwana wake mwenyewe. Hii ndiyo namna ya hatari kuliko zote ya kudanganya, kwa kuwa mwongo wa kawaida hufumaniwa na ukweli, ilhali huyu ameutanguliza ukweli uwe mlinzi wa mlango.

Na mtu huyu aliyeichukia rushwa ya Jamhuri, alipotafuta washirika aliwapata wapi? Aliwapata katika makampuni yale yale ya biashara na mabenki yaliyoinunua Seneti. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, lakini hakuwachunguza watu alioketi nao mezani. Miaka mitatu baadaye, katika hesabu ya hadithi, Anakin alimshinda na kumkata mikono yote miwili, na bwana wake Palpatine, aliyekuwa ameketi pale akitazama, akaagiza auawe. Dooku akamwangalia kwa macho ya mtu ambaye leo ndipo anajua alikuwa akimtumikia nani. Kijana mwenye nguvu zaidi alikuwa amekwisha patikana.

Mabwana hao wa giza, waitwao Sith, wana kanuni kwamba wasizidi wawili, bwana mmoja na mfuasi mmoja. Mfuasi hungoja siku ya kumwua bwana, na bwana humtafuta mfuasi aliye bora zaidi. Katika nyumba ya namna hiyo utii hauna hata pa kutandika mkeka.

MJI WA LANDO

Si kila asalitiye hufanya hivyo kwa jambo kubwa. Lando Calrissian, aliyeigizwa na Billy Dee Williams mwaka 1980, alikuwa msimamizi wa mji uliojengwa juu ya mawingu, mwenye wakazi na wafanyakazi wanaomtegemea. Rafiki yake wa zamani, Han Solo, alipokimbilia kwake kuomba hifadhi, askari wa Dola walikuwa wamekwisha fika kabla yake. Lando akafanya mapatano: atamtoa rafiki, nao wauache mji wake.

Tunayo methali isemayo mtumikie kafiri upate mradi wako, na wengi wetu tumeitumia kujifariji. Lando aliijaribu. Vader akabadili masharti mara ya kwanza, akayabadili mara ya pili, na Lando alipolalamika aliambiwa aombe yasibadilishwe tena. Solo akagandishwa kama samaki wa barafu, akakabidhiwa mtu awindaye watu kwa ujira. Ndipo Lando alipotambua kwamba mradi wenyewe haukuwapo tangu mwanzo. Aliwageukia askari wa Dola, akawatangazia wakazi wakimbie, na mji aliousalitia rafiki akaupoteza siku ile ile.

Nalipenda jambo hili kwamba Lando hakudai kuaminiwa. Rafiki wa Solo, yule Chewbacca mwenye manyoya, alimkaba koo karibu amwue, naye alipopata pumzi akaanza kueleza njia ya kumwokoa mfungwa. Katika sinema ya 1983 tunamwona amejigeuza mlinzi katika jumba la jambazi aliyemshikilia Solo, na baada ya hapo anakirusha chombo cha Solo mwenyewe katika vita vya mwisho. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kutega sikio katika vita hivyo, kwa kuwa msaidizi aliyeketi karibu na Lando, kiumbe mwenye mashavu mapana aitwaye Nien Nunb, alipewa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi kutoka Kenya, aliyesema maneno ya lugha za kwao. Lando alirudi kwa kazi ya mikono, siku baada ya siku, mpaka wenzake wakamkabidhi chombo.

Mlinganishe na Jenerali Hux wa sinema ya 2019. Yeye aliwapelekea waasi siri za jeshi lake, akawafungulia wafungwa wao. Walipomwuliza sababu, alisema hajali kama watashinda. Alichotaka ni kumwona mkubwa wake, Kylo Ren, ameshindwa. Huyo alibadili upande bila kubadili moyo, na wenzake walipomgundua wakamwua. Ukimwona mtu amehamia kwako, usifurahi mno kabla hujajua kama amekupenda wewe au amemchukia yule aliyemwacha.

MTUMISHI MNYOOFU

Mchezo wa televisheni uitwao Andor, uliotungwa na Tony Gilroy na kuonyeshwa mwaka 2022 na 2025, umetuletea waovu wa kimo chetu. Syril Karn hana Nguvu wala upanga wa nuru. Ni afisa mdogo wa walinzi wa kampuni, kijana aliyeirekebisha sare yake ili imkae sawasawa, anayelala kwa mama yake na kusimangwa naye kila asubuhi. Walinzi wawili wameuawa, mkubwa wake anataka jambo lifunikwe, yeye peke yake anataka muuaji atafutwe. Je, hilo ni kosa? Kwa mwanzo huo angeweza kuwa shujaa wa hadithi nyingine.

Bidii hiyo ilimfikisha katika utumishi wa Dola, akatumwa katika sayari iitwayo Ghorman ajifanye rafiki wa wenye manung'uniko. Alidhani anawanasa wachochezi waliotoka nje. Siku ya mwisho aligundua kwamba Dola ilitaka uasi utokee, ipate kisingizio cha kuwaua wenyeji na kuchimba madini yaliyo chini ya ardhi yao. Akatoka barabarani akiwa kama mtu aliyepigwa na radi, watu wakianguka pande zote. Hapo akamwona Cassian Andor, mtu aliyemwinda kwa miaka mingi, akamrukia wakapigana vikali. Alipokuwa amemwelekezea silaha, Cassian alimwuliza: wewe ni nani? Mtu aliyekuwa shabaha ya maisha yake yote hakumjua hata jina. Silaha ikashuka mkononi, naye akapigwa na kufa pale pale, aliyempiga akiwa mzee wa mji aliyekuwa amemhadaa.

Syril aliupenda utaratibu, na utaratibu ni kitu chema. Lakini hakuwahi kuuliza ulikuwa unamlinda nani.

ASIYE NA SABABU

Juu ya hao wote yuko Palpatine, na katika sinema zote hatuambiwi kilichompata utotoni wala kilichomuuma. Yeye peke yake hakusalitiwa na mtu, hakufiwa, hakudhulumiwa. Hutumia sababu za wengine: hofu ya Anakin, hasira ya Dooku, uchovu wa Seneti. Mwaka 2002 tunaiona Seneti ikimpa madaraka ya dharura kwa hoja iliyotolewa na mtu mwema na mjinga, na mwaka 2005 anatangaza kwamba Jamhuri imekuwa Dola, huku wajumbe wakimshangilia. Lucas amekwisha eleza hadharani kwamba alipoanza kuitunga hadithi hii, akili yake ilikuwa juu ya vita vya Vietnam na utawala wa Rais Nixon, akijiuliza ni vipi taifa huru humkabidhi mtu mmoja uhuru wake kwa hiari. Kikulacho ki nguoni mwako. Palpatine hakuja na jeshi kutoka nje, alichaguliwa.

KUITWA KWA JINA

Sasa turudi kwenye lile swali la pili: aliyeondoka aweza kurudi? Ili kulijibu, yatupasa kuyatazama majina. Anakin alipopiga magoti aliitwa Vader. Dooku naye alikuwa na jina la siri, Tyranus. Mjukuu wa Vader, Ben, mtoto wa Han Solo na Leia, alipotoroka nyumbani alijiita Kylo Ren. Na katika sinema ya 2015 yumo askari aliyenyang'anywa wazazi wake akiwa mtoto na kupewa namba, FN-2187. Siku ya kwanza alipoamriwa kuwapiga risasi wanakijiji alikataa, akatoroka, na rafiki wa kwanza aliyempata akampa jina: Finn. Katika hadithi hii, basi, mtu huuawa jina kabla hajauawa moyo, na anayetaka kumrudisha hana budi kuanza na jina.

Ndivyo alivyofanya Luke mwaka 1983. Walimu wake walikuwa wamekwisha kata tamaa; Obi-Wan alisema kwamba aliyebaki ndani ya vazi lile ni mashine kuliko mtu. Luke akajitoa mikononi mwa baba yake bila vita, akamwita Baba, akalitaja jina la Anakin. Vader akajibu kwamba jina hilo halina maana kwake tena. Lakini hakulisahau. Baadaye, mbele ya Palpatine, Luke alimshinda baba yake akamkata mkono, akautazama ule mkono wa chuma, akautazama na wake uliokuwa wa chuma pia, kisha akautupa upanga wake. Palpatine akaanza kumwua polepole. Vader akasimama katikati akimtazama huyu, akimtazama yule, mpaka akambeba bwana wake na kumtupa shimoni. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hata hivyo tusiwadanganye watoto kwamba kuita kunatosha. Ben Solo alipotea usiku alipoamka akamkuta mjomba wake Luke amesimama juu yake na upanga uliowashwa, kwa hofu ya dakika moja ambayo Luke aliijutia maisha yake yote. Baba yake, Han Solo, alimfuata mpaka katikati ya daraja, akamwita kwa jina la nyumbani, akamwomba warudi. Kijana akalia, akasema anataka kuwa huru na maumivu yake, kisha akamchoma baba yake upanga. Na Han, akifa, alimgusa mwanawe shavuni. Ni baada ya mama yake kumwita pia kwa pumzi yake ya mwisho, katika sinema ya 2019, ndipo kijana huyo alipoutupa upanga baharini. Wazazi wawili walikuwa wamekwisha kufa kabla hajaitika.

Lakini tazama alichokifanya alipoitika. Rey, binti aliyekuwa adui yake na tena karibu wa moyo wake, alikuwa amelala amekufa. Ben akampa uhai wake mwenyewe, yeye akafa na binti akaamka. Babu yake alitaka jambo lile lile, kumwokoa ampendaye na mauti, akalilipia kwa maisha ya watoto wa watu. Mjukuu alililipia kwa yake. Hapo ndipo ilipo tofauti ya upande na upande, na mtoto wa miaka 10 aweza kuifahamu.

DENI LILILOBAKI

Limebaki neno moja lenye uchungu. Luke aliuchoma moto mwili wa baba yake kwa heshima, naye aliiona sura yake imesimama na watakatifu. Leia hakuwapo penye moto ule. Katika sinema ya 1977 alitiwa mateso mbele ya Vader, kisha Vader akamshika mabega huku Tarkin, mkuu wa ngome, akiiteketeza sayari yake, Alderaan, pamoja na wote waliokuwamo. Tendo moja jema la dakika ya mwisho halikuirudisha Alderaan. Msamaha wa mwana ni wa mwana. Hawezi kuutoa kwa niaba ya wafu wa watu wengine, na hadithi hii haikumlazimisha Leia autoe. Tunapowafunza watoto kwamba mwovu aweza kurudi, tuwafunze pia kwamba kurudi hakufuti daftari. Lando alijua hivyo, ndiyo sababu alifanya kazi.

Basi, mzazi, swali lile la usiku likija, usiseme kwamba watu wengine huzaliwa waovu. Mweleze mwanao kwamba atakuja mtu siku moja, pengine mwenye heshima na sauti ya upole, atamwahidi dawa ya kile anachokiogopa kuliko vyote. Siku hiyo na aulize nani atakayelipa gharama yake. Na akiambiwa kwamba huko aendako atapewa jina jipya, asikubali kabla hajajisikiliza: akiitwa na mama yake kwa lile la zamani, je, bado ataitika?